Goti, baridi na umri: tafuta kosa kabla ya kuitundika baiskeli

Nilikuwa na miaka 54 goti langu la kulia lilipoanza kuuma kwa mbele, chini kidogo ya pia ya goti. Jibu nilijipa siku hiyo hiyo: uzee huo. Kwa wiki 6 nikawa napunguza safari, na mtu akiniuliza hali namwambia "ndiyo hivyo, umri umeenda". Kisha siku moja nikiwa naifuta baiskeli nikakumbuka kwamba nyuma ya daftari la risiti niliandika kimo cha kiti siku fundi aliponipimia: sm 72, kutoka katikati ya mhimili mkuu, ule ambao mikono ya pedali huuzunguka, hadi juu ya kiti. Nikachukua futi. Sm 70 na nusu. Skrubu inayobana bomba la kiti ilikuwa imelegea, na kiti kilikuwa kikishuka kila nilipopita shimo la barabara, taratibu mno, hata mwili haukulalamika mpaka zilipotimia mm 15.

Nikakipandisha, nikakaza, nikazungusha tepu nyeusi ya umeme pale bomba linapoingia kwenye fremu. Ilipofika wiki ya 3 goti lilikuwa limenyamaza. Tepu ile bado ipo. Kila ninapopanda naitupia jicho; ikianza kuzama, nachukua spana kabla goti halijasema neno.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dalili, na uzee umewekwa mwisho wa foleni ya washukiwa. Tumeufanya kuwa mchawi wa mtaa: kuku akifa, ni yeye. Baridi nayo husingiziwa hivyo hivyo, na jeraha la zamani pia. Mara nyingi kosa liko kwenye mm 10 za kiti, kiatu kinachobana au grisi iliyoganda.

Kuna sharti moja la kazi hii. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, tena kidogo, mm 3 hadi 5. Andika ulichobadilisha, kisha zunguka njia ile ile fupi mara 2 au 3 kabla ya kutoa hukumu. Anayepandisha kiti, kusogeza usukani na kununua viatu vipya katika Jumamosi moja hatajua kilichomponya, wala kilichomwumiza zaidi.

Mambo ambayo spana haitibu

Haya hayapimwi barabarani. Kifua kubana au kuuma unapopanda mlima, hasa maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya. Kizunguzungu au kuzimia ukiwa unanyonga. Pumzi kukata ghafla pale ambapo wiki iliyopita ulipita ukipiga mluzi. Shavu la mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa na joto, hasa baada ya upasuaji, plasta ngumu au kulala kitandani siku nyingi. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Goti lililovimba ndani ya saa chache baada ya kuanguka, au linalokwama lisikunjuke. Hapo baiskeli inaegeshwa na daktari anatafutwa siku hiyo hiyo. Yanayobaki tuyashughulikie wenyewe.

Goti linauma

Anza kwa kuweka kidole mahali hasa panapouma, kwa sababu mahali ndipo panapomtaja mkosaji.

Pakiuma mbele, kuzunguka pia ya goti au chini yake, mshukiwa wa kwanza ni kiti kilicho chini mno, wa pili ni kiti kilichosogezwa mbele mno, na wa tatu ni gia nzito. Goti linakunjwa kupita kiasi huku likisukuma mzigo mkubwa. Pakiuma nyuma ya goti, geuza hesabu: kiti kiko juu mno au nyuma mno, na mguu unanyooshwa hadi kano zinavutika. Kiti kilicho juu kina ushahidi mwingine. Mwombe mtu akutazame kwa nyuma ukinyonga: akiona kiuno kinayumba kushoto na kulia kama cha mtu anayejaribu kuifikia rafu ya juu, shusha.

Maumivu ya pembeni, ndani au nje, mara nyingi hutoka miguuni. Kama unatumia viatu vyenye kishikizo, yaani kile kipande kinachonasa kwenye pedali, tazama kimeelekea wapi. Kaa juu ya meza miguu ikining'inia na uone vidole vyako vya miguu vinaelekea wapi vyenyewe. Kishikizo kikilazimisha mwelekeo mwingine, goti ndilo linalopinda kulipa tofauti hiyo. Anayetumia pedali bapa hasumbuliwi sana na hili, kwa kuwa mguu hujichagulia mahali. Mimi nilirudi kwenye pedali bapa miaka kadhaa iliyopita na sijaona nilichopoteza isipokuwa maumivu.

Kimo cha kiti kitapatikanaje? Njia ya haraka: kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjwa kidogo, nyuzi kati ya 25 na 35. Njia ya hesabu: simama pekupeku ukutani, bana kitabu katikati ya mapaja kikiwa kimegusa juu kabisa, pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu, kisha zidisha kwa 0.883. Aliye na sm 80 atapata karibu sm 70.6 kutoka katikati ya mhimili huo mkuu hadi juu ya kiti. Kanuni hii ilijulikana sana kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mara 3 Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa. Ichukue kama mahali pa kuanzia tu. Mwenye nyonga ngumu au mguu mmoja mfupi ataishia pengine.

Kuna mtego wa majira ya baridi ambao wengi hawauoni. Ukivaa viatu vya baridi vyenye soli nene, ni kama umeshusha kiti, maana unyayo umeinuka kutoka kwenye pedali. Goti likianza kuuma mwezi ule ule ulipobadilisha viatu, pima soli zote mbili na uinue kiti kwa tofauti yake.

Tena, nyonga kwa wepesi. Mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika huyatesa magoti kidogo kuliko 55 kwenye gia kubwa, hata kama mwendo ni ule ule. Anayehisi kwamba gia ndogo ni aibu aendelee kuhisi hivyo huku akipaka dawa ya kuchua.

Wenye magoti au nyonga zisizokunjika vizuri, pamoja na waliobadilishiwa goti, wana njia moja isiyojulikana sana: kufupisha mikono ya pedali, zile fimbo za chuma zinazoshika pedali. Baiskeli nyingi za watu wazima huja na mm 170 au 175. Kuzunguka mzunguko mzima bila kujilazimisha kunahitaji goti likunjike karibu nyuzi 110, na goti lililotoka kwenye upasuaji huchukua muda kufika hapo. Ukitoka mm 175 kwenda 160 na kuinua kiti kwa mm 15 hizo hizo, mguu chini unabaki na unyookaji ule ule, lakini juu goti linapata nafasi ya mm 30 zaidi. Kabla goti halijafika nyuzi hizo, pedali husukumwa mbele na nyuma nusu nusu, bila kumaliza mzunguko, mpaka siku goti lenyewe likubali kupita.

Vidole vina ganzi

Hapa baridi husingiziwa kuliko popote. Tofautisha hivi: baridi hushika vidole vyote, huanzia nchani, na hupona ukipata joto. Mshipa wa fahamu uliobanwa huchagua vidole. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, mshipa unaobanwa unapita kwenye kiganja upande wa kidole hicho, pale unapoegemea usukani. Ikiwa kwenye gumba, cha shahada na cha kati, ni ule wa katikati ya kifundo cha mkono, na kawaida kifundo kimepinda kwenda juu muda mrefu.

Sababu karibu kila mara ni uzito mwingi mikononi. Watu hununua glavu zenye mto. Mto ukiwa mnene mahali pasipostahili, hubana zaidi. Kwanza tazama kiti: kama pua yake imeinama mbele, unateleza siku nzima na mikono ndiyo breki. Isawazishe kwa pimamaji. Kisha inua usukani, au fupisha shingo yake ili usijinyooshe kuufikia. Badilisha mshiko kila dakika chache. Tairi pana lenye upepo kidogo nalo huondoa mtikisiko mwingi ambao kiganja kingeumeza. Ganzi ikidumu siku kadhaa baada ya kushuka, au ukianza kuangusha vitu, mwone daktari. Mshipa ukibanwa miezi mingi misuli ya mkono huanza kudhoofika.

Kuna pia vidole vinavyogeuka vyeupe kama chokaa, halafu vya buluu, halafu vyekundu vikiungua. Hiyo ni mishipa ya damu inayojifunga kupita kiasi kwa baridi. Wenye hali hiyo wasingoje baridi iwakute njiani. Glavu zivaliwe ndani, mikono ikiwa bado ina joto.

Ganzi sehemu za siri, shingo, mgongo

Ganzi sehemu za siri isichukuliwe kuwa ya kawaida, kwa mwanamume wala mwanamke. Kiti ni chembamba kuliko mifupa ya makalio yako, au kimeinuka pua, au hujainuka kutoka kitini kwa nusu saa. Inuka kila dakika 10. Kiti laini kama mto hakisaidii: mifupa huzama na nyama laini ndizo zinabeba mzigo.

Shingo ikiuma, angalia miwani kabla ya usukani. Ukiinama juu ya baiskeli unatazama kupitia sehemu ya juu kabisa ya lenzi. Fremu ikikata hapo, au lenzi zenye nguvu tofauti juu na chini zisikae sawa, utainua kidevu safari nzima bila kujua. Miwani ya lenzi moja ya kuona mbali imewaponya shingo watu ambao tayari walikuwa wamebadilisha usukani mara mbili.

Mgongo wa chini: kujinyoosha mno, gia nzito, au kiti kilicho juu. Kwa mpangilio huo.

Miguu imekufa baridi

Kosa kubwa kuliko yote ni jozi ya pili ya soksi. Joto la mguu huletwa na damu. Ukishindilia soksi 2 kwenye kiatu kilichotosha soksi 1, umeifunga mishipa na kuikamua hewa ambayo ingetunza joto. Afadhali soksi moja ya sufu ndani ya kiatu ambacho vidole vinacheza. Jaribu: ukiwa umevaa, huwezi kukunja vidole? Basi kiatu kidogo.

La pili ni chuma. Kishikizo cha chuma chini ya kiatu, kikigusana na pedali ya chuma, hupitisha joto kwenda nje siku nzima. Weka soli ya ndani ya kuzuia baridi, funika kiatu kwa nje dhidi ya upepo, au tumia pedali bapa za plastiki na buti. La tatu ni kiwiliwili: mwili ukihisi kifua na kichwa vinapoa, hunyang'anya mikono na miguu damu kwanza. Mara nyingine dawa ya vidole ni fulana ya ndani na kofia nyembamba chini ya kofia ngumu.

Ukiwa tayari njiani na vidole havina habari, shuka. Tembea au kimbia ukisukuma baiskeli mita 200 au 300. Kunyonga hakukunji kifundo vya kutosha. Kutembea hukunja, na damu hushuka. Ngozi ikiwa nyeupe au ya kijivu, ngumu, isiyohisi mguso, hiyo si baridi ya kawaida tena. Usisugue, wala usiianike kwenye moto. Ingia ndani, ipashe kwa maji ya vuguvugu, na utafute huduma ya afya.

Unatetemeka ingawa umevaa nguo nyingi

Umevaa nyingi mno. Dakika 15 za kwanza ulitoka jasho, mteremko ukaja, upepo ukakausha jasho likiwa mwilini. Toka nyumbani ukihisi baridi kidogo. Baada ya dakika 10 uwe sawa. Nguo ya pamba ndiyo mbaya zaidi ikiwa imegusa ngozi, kwani hunywa maji na kuyashikilia. Sufu nyembamba au polista ndani, kitu cha kuzuia upepo juu, zipu ya kufungua kabla ya mlima na kufunga kileleni. Na weka vazi moja kavu kwenye mfuko, kwa ajili ya pancha. Wanaopata shida kubwa katika baridi ni wale waliosimama, jasho mwilini, wakihangaika na tyubu.

Kikohozi au mluzi kifuani unaokuja dakika chache baada ya kusimama kwa kawaida ni njia za hewa zinazobana kwa sababu ya hewa baridi na kavu. Skafu nyembamba mdomoni na kuanza polepole husaidia. Ukijirudia, ni hali inayotibika, kwa hiyo usikae nao ukiuita mafua.

Pedali inazunguka bure, breki haishiki, taa imezima

Pedali kuzunguka bila gurudumu kufuata, asubuhi ya barafu, humshtua mtu sana. Ndani ya friwili, ile sehemu ya gurudumu la nyuma inayokuruhusu kuacha kunyonga gurudumu likiendelea kuzunguka, kuna vijino vidogo vinavyosukumwa na springi. Grisi ikiwa nzito, baridi huigandisha na vijino vinabaki vimelala. Usijaribu kuondoka hivyo, maana hushika na kuachia bila taarifa. Ingiza baiskeli ndani ipate joto, kisha mpelekee fundi aisafishe na kuweka mafuta mepesi. Nyaya za gia na breki zikigoma, ni maji yaliyoingia kwenye mirija yake yakaganda. Chanzo chake huwa ni kuoga kwa baiskeli: umeiosha, ukaiacha na maji, ukaitoa nje. Ioshe, ifute, iache ikauke kabisa.

Lakini ioshe. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula mnyororo kimyakimya. Maji vuguvugu yasiyo na presha, kitambaa, halafu mafuta kwenye kila pingili. Kujua kama mnyororo umechoka hakuhitaji kifaa: pima kutoka katikati ya pini ya 1 hadi katikati ya pini ya 25. Mpya ni mm 304.8. Ukikaribia 306.5, badilisha, ukingoja zaidi utabadilisha na vyuma vya gia.

Tairi nalo hupungua upepo bila kuvuja. Ukilijaza psi 70 ndani kwenye nyuzi 20 ukatoka nje kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri, hewa inasinyaa na unabaki na karibu psi 63. Kwa barafu huenda ikawa heri, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo kidogo hushika vizuri zaidi. Ila ujue imetoka wapi kabla ya kulaumu tyubu.

Taa ya betri ya lithiamu huisha mapema katika baridi, kisha hufufuka ikipata joto. Beba ya akiba mfukoni, karibu na mwili. Usichaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi sifuri, inaharibika ndani. Mwenye baiskeli ya umeme aingize betri nyumbani.

Kuteleza kuna chanzo kimoja kikuu, nacho ni kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kona na breki. Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, pita kona bila kugusa kitu. Madaraja na sehemu zenye kivuli huganda mapema. Tairi za misumari midogo hufanya kazi kweli juu ya barafu. Ukimudu moja tu, iende mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi utajiokoa, la mbele likiondoka uko chini kabla hujashangaa. Na siku ya barafu inayong'aa kama kioo, stendi ya mazoezi ya ndani si kushindwa. Weka feni mbele yako, inuka kitini mara kwa mara kwani baiskeli haiyumbi kukupumzisha, na dakika 40 zinatosha.

Umerudi baada ya jeraha na pumzi haipo

Umekaa mwezi mmoja na nusu. Mlima mdogo uliokuwa salamu tu sasa unapandisha mapigo hadi masikioni. Hujarudi mwanzo. Ujazo wa maji ya damu hupungua siku za mwanzo tu za kupumzika, na baada ya kama wiki 2 uwezo wa mwili kutumia oksijeni huanza kushuka waziwazi. Lakini kinachoondoka haraka ndicho pia kinachorudi haraka. Kosa la wengi ni kurudi kwenye njia yao ya zamani ili "kujipima". Anza na nusu ya muda uliozoea, gia nyepesi, kasi ya kuweza kuongea sentensi nzima.

Hakimu wa mazoezi ni kesho yake asubuhi. Maumivu madogo yaliyotulia ndani ya saa 24 yanakuruhusu kurudia. Yakiwa yameongezeka ulipoamka, rudi nyuma hatua moja, usiache kabisa.

Mtulinga, yaani mfupa unaounganisha bega na kifua, ndio unaovunjika sana kwa waendesha baiskeli. Kwa mtu mzima huchukua takriban wiki 6 hadi 12 kuunga, na picha ya eksirei ndiyo inayoamua. Baada ya ruhusa ya daktari fanya mtihani huu baiskeli ikiwa imesimama: bana breki zote mbili kwa nguvu zako zote, huku uzito wote ukiwa mikononi. Geuka utazame nyuma pande zote mbili. Kama moja linakushinda, barabara yenye magari bado.

Ulipigwa kichwa? Kofia ngumu iliyopigwa hutupwa, hata kama haina ufa unaoonekana. Povu lake likishabonyea halirudi. Siku 1 au 2 za mwanzo pumzika, kisha rudi hatua kwa hatua, na dalili zikirejea shuka hatua. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au kichwa kinachozidi kuuma ni safari ya hospitali mara moja. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aende hata kama anajisikia mzima.

Halafu kuna hofu, ambayo haionekani kwenye eksirei. Utaitambua kwa vidole: vimekaa kwenye breki wakati wote, mabega yamepanda. Usiipeleke barabarani ikajifunze huko. Tafuta uwanja mtupu, zunguka ukichora namba 8 kubwa, kisha ndogo, funga breki kwa makusudi mara 20. LeMond alipigwa risasi kwa bahati mbaya akiwa mawindoni mwaka 1987. Alishinda Tour tena mwaka 1989, kwa tofauti ya sekunde 8. Watu hukumbuka zile sekunde. Mimi huikumbuka ile miaka 2 katikati.

Sasa ndiyo zamu ya umri

Umefika hapa baada ya kuondoa mengine yote. Vizuri. Umri upo, na una dalili zake halisi.

Mapigo hayapandi kama zamani. Ni kawaida: kiwango cha juu cha moyo hushuka mwaka hadi mwaka. Kanuni ya 208 kutoa 0.7 mara umri humpa mtu wa miaka 60 mapigo 166, lakini ni wastani, na mtu mmoja anaweza kupishana nayo kwa mapigo 10 au zaidi. Dawa za presha za kundi la beta huyashusha zaidi, hivyo usizitumie namba za zamani. Kinyume chake, kipimo kikiruka ghafla hadi 200 dakika ya 5 ya safari ya baridi, kwanza lowesha mkanda wa kifuani. Ngozi kavu na fulana ya nailoni hudanganya kifaa. Ukishalowesha na bado kinaruka, shika mapigo ya mkono kwa vidole. Yakiwa hayana mpangilio, daktari; mapigo ya namna hiyo huwapata pia watu waliofanya mazoezi ya muda mrefu maisha yao yote.

Uchovu hauishi. Ukiwa na miaka 30 ulisukuma kwa nguvu Jumanne, Jumatano na Jumamosi. Sasa safari ngumu 2 kwa wiki, na kati yake nyepesi kweli. Kiu nayo hupungua kwa umri, na baridi huificha zaidi, kwa hiyo kunywa kwa saa badala ya kungoja hamu.

Mifupa. Hapa baiskeli ina upungufu wake na lazima usemwe: inabeba mwili wako, na mfupa usiobebeshwa mzigo haupati sababu ya kuwa imara. Anayenyonga tu bila zoezi lingine anaweza kuwa na moyo wa kijana na uti wa mgongo uliodhoofika. Nyanyua vitu vizito mara 2 kwa wiki, panda ngazi, chuchumaa na kuinuka. Misuli hiyo hiyo itakusaidia mlimani.

Kasi imepungua. Ndiyo, imepungua. Robert Marchand wa Ufaransa aliendesha km 26.927 kwa saa moja mwaka 2014 akiwa na miaka 102. Mwaka 2017, akiwa na 105, alipata km 22.547. Zimepotea zaidi ya km 4 katika miaka 3. Lakini mtafiti wa mwili na mazoezi, Véronique Billat, alimpima akakuta kwamba kati ya miaka 101 na 103 uwezo wake wa kutumia oksijeni uliongezeka, baada ya kubadilishiwa mazoezi. Na kama mlima umeshakushinda, baiskeli yenye mota ya kusaidia ipo. Waliokuwa wakinicheka nilipoipanda sasa wananiuliza betri inakaa muda gani.

La mwisho ndilo huwaangusha wengi, tena baiskeli ikiwa imesimama: kupanda na kushuka. Mguu haupiti juu ya kiti, unagonga, na wote mnakwenda chini pamoja. Nyonga ndiyo inayopokea. Usirushe mguu nyuma. Laza baiskeli upande wako mpaka kiti kifike chini ya paja, pitisha mguu, kisha isimamishe ukiwa tayari umeitandaza miguu pande mbili. Kama bado ni shida, fremu ya kupitisha mguu katikati inauzwa kwa wanaume pia, haijalishi imeandikwa nini. Na kabla ya kusimama kwenye taa, shuka gia ungali unatembea, telezesha makalio mbele ya kiti, na mguu utakaokanyaga chini uwe nje ya pedali kabla gurudumu halijaacha kuzunguka.